Rangi ya Barabarani Imerukia Kirikuu Yako? Usikimbilie Thina



Leo naongea na wenye magari ya kutafutia riziki: kirikuu, Noah, hata bajaji. Hasa nyie mnaokatiza Busisi kila siku, Mwanza kwenda Sengerema na Geita.

Zamani pale Busisi tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko. Ulikuwa na muda wa kushuka, kuzunguka gari, kuangalia tairi na mzigo. Tangu Daraja la JPM lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, zile kilomita 3 unazivuka kwa dakika chache na safari inaendelea. Ni neema kubwa kwetu. Ila sasa ukikanyaga mstari uliochorwa muda huo huo, au rangi iliyomwagika kwenye lami, hushuki kuangalia. Unakuja kushtuka umefika Sengerema, ubavu mzima una madoa meupe na yameshakauka.

Hasara kubwa huwa inaanzia kwenye kuyatoa. Mimi nilimpa kijana gari, akachovya kitambaa kwenye thina akafuta. Madoa yalitoka kweli, na rangi ya mlango ikatoka nayo. Siku tatu gari liko kwa fundi rangi, wateja wangu wa samaki wakahudumiwa na mwingine. Wawili hawakurudi tena.

Kwa hiyo twende taratibu.

1. JUA NI RANGI GANI
Rangi za barabarani ziko za aina tatu kubwa. Kuna ya maji, kuna ya mafuta, na kuna ile nzito inayoyeyushwa kwa moto wa nyuzi joto karibu 200 ndipo imwagwe barabarani. Hiyo ya moto ikipoa inaganda kama plastiki ndani ya dakika chache, na mara nyingi inang'ang'ania kwenye tairi na ndani ya madigadi.
Halafu kuna vipunje vya kioo vinavyowekwa kwenye mistari ili ing'ae usiku taa zikipiga. Ukisugua doa kwa nguvu, vile vipunje vinafanya kazi ya msasa juu ya bodi yako.

2. PIGA PICHA KABLA YA KUOSHA
Kama imemwagwa na watu wa kazi au lori, simama sehemu salama. Piga picha gari, eneo na namba za hilo lori, kisha mtafute msimamizi wao. Ukishaosha, ushahidi umeondoka na maji.

3. IKIWA BADO MBICHI: MAJI, HARAKA
Gusa doa kwa kitambaa chenye maji. Kikishika rangi, nenda sehemu ya kwanza yenye mashine ya presha. Waambie waanze kwa mbali, wapige na chini ya madigadi, na wasiguse sponji mpaka vipunje viishe. Ukichelewa saa moja, kazi inakuwa nyingine kabisa.
Usiteremshe gari ziwani. Hiyo rangi inaingia kwenye maji yale yale tunayovulia samaki.

4. IKISHAKAUKA: MAFUTA YA MGANDO
Haya ya kujipaka, ya kopo. Osha gari kwanza vumbi liishe, liache kivulini bodi ipoe. Paka mafuta mazito juu ya kila doa, acha usiku mzima. Asubuhi futa kwa kitambaa laini, kisha piga presha na sabuni. Madoa yaliyobaki, rudia usiku wa pili. Lile lililolegea lisukume kwa kucha au kadi ya plastiki uliyoizungushia kitambaa. Njia hii inaenda polepole, ila haiumizi gari, na usiku gari limelala tu, hupotezi safari.

5. IKIGOMA KABISA: TAPENTAINI KIDOGO
Kabla ya kugusa doa, jaribu sehemu isiyoonekana, mfano ndani ya ukingo wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari lako, acha hapo hapo. Huenda gari limewahi kupigwa rangi mtaani, na rangi hizo nyingi hazivumilii dawa. Magari yetu mengi ni mtumba, usijiaminishe kwamba rangi ni ya kiwandani.
Kama iko salama, lowesha kitambaa kidogo, futa doa moja moja, osha na sabuni papo hapo. Usipake kwenye taa wala bampa la plastiki.

6. VITU VYA KUKATAA
Thina, wembe, msasa na brashi ya waya. Petroli pia kataa, inawaka haraka na watu wanaitumia injini ikiwa bado ya moto. Ile rangi ya moto iliyoganda kwenye bodi, mpelekee fundi anayeijua.

KWA WENYE KUOSHA MAGARI
Mteja akija na madoa haya, msilianze kama gari la tope. Muonyeshe kila doa, muulize kama gari limewahi kupigwa rangi, mfanye jaribio mbele yake, mkubaliane bei ya muda utakaotumia. Bila hivyo, rangi ikibanduka utailipa wewe, na faida ya wiki nzima inaondoka na gari moja.

Kopo la mafuta ya mgando bei yake unaijua. Bei ya kupiga rangi mlango mmoja, kamuulize fundi wako leo, halafu weka hilo kopo kwenye gari.

Kama gari lako anaendesha mtu mwingine, mtumie ujumbe huu asome. Yeye ndo atakayekutana na kijana mwenye chupa ya thina.