Halloween: Sikukuu Iliyohama Pamoja na Watu

Jioni ya tarehe 31 Oktoba inapoingia, watoto katika miji mingi ya Marekani hutoka majumbani wakiwa wamevaa mavazi ya ajabu. Huyu amejifanya mzuka, yule mchawi, na wa tatu amevaa kama askari wa zimamoto. Hupita nyumba kwa nyumba, mifuko mikononi, wakibisha hodi na kudai zawadi, la sivyo watafanya utundu. Mwenye nyumba hucheka, kisha huwagawia peremende. Barazani pake huwa ameweka boga lililotobolewa macho na mdomo, na ndani yake mshumaa unawaka.

Sikukuu hiyo huitwa Halloween, yaani mkesha wa watakatifu, kwa kuwa tarehe 1 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote kwa Wakristo wengi. Kwa mtu aitazamaye kwa mbali, huo ni mchezo wa watoto tu. Lakini kwa familia iliyohamia mji mpya, jioni hiyo ni mtihani. Je, mlango wa jirani asiyejulikana utafunguliwa? Je, mtoto atapata wenzake wa kutembea nao? Msomaji aliyepata kuhamishwa kikazi, akafungasha vyombo na kufikia kituo asikojua mtu, huyaelewa maswali hayo hata kama Halloween yenyewe hajaiona.

Ilikotoka

Asili ya mkesha huu ni nchi za Ireland na Scotland. Wakelti wa kale walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, iliyoonyesha mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Wakati huo ng'ombe walirudishwa kutoka malisho ya kiangazi, na watu waliamini kwamba mizimu hutembea karibu na walio hai. Baadaye Kanisa liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote katika siku hizo hizo, na desturi za kale zikachanganyika na zile za dini.

Katika nyumba za Ireland palipikwa mkate wenye zabibu kavu, na ndani yake vikafichwa vitu vidogo. Aliyekuta pete katika kipande chake aliambiwa ataoa au ataolewa. Aliyekuta sarafu atatajirika. Aliyekuta kitambaa atakuwa maskini. Watoto walishindana kuyadaka kwa meno matofaa yaeleayo katika beseni la maji. Taa hazikuwa za maboga. Zilichongwa katika mizizi minene ya mboga, migumu kukatika, iliyolimwa huko kwa chakula. Nako Scotland, mtoto aliyebisha hodi hakupewa kitu bure. Alipaswa kwanza kuimba au kukariri shairi, ndipo apate njugu au tofaa.

Safari ya njaa

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland na kuharibu chakula kikuu cha maskini. Katika miaka ya Njaa Kuu, iliyoendelea hadi mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja waliihama nchi. Wengi wao walifikia New York, Boston na Philadelphia, miji ya watu wasiowajua, ambako si kila mwenyeji aliwapokea kwa uso mkunjufu.

Watu hao hawakuwa na mizigo mingi, lakini walikuwa na kumbukumbu. Tena huko Marekani walikuta boga, zao la asili ya bara hilo, lililo kubwa na laini kulichonga kuliko ile mizizi ya kwao. Basi taa ya zamani ikapata mwili mpya. Waskoti nao walifika na desturi zao, na kadiri miaka ilivyopita hata watoto wa wenyeji wakajiunga. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliofika mikono mitupu ndio walioipa Marekani mojawapo ya sikukuu zake kubwa za watoto.

Utundu na dawa yake

Haikuwa raha tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana waliufanya usiku huo kuwa wa uharibifu: kung'oa mageti, kupaka madirisha sabuni, kuangusha vyoo vya nje. Katika mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, husimuliwa kwamba asubuhi moja watu waliamka wakakuta ng'ombe wakizurura mitaani. Mwaka 1920 wakuu wa mji huo waliandaa maandamano ya watoto, wakawasha moto mkubwa na kugawa vitu vya kutafuna. Vijana wakapata jambo la kufanya, na Anoka ikajivunia maandamano hayo hadi leo.

Mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, ulifuata njia nyingine. Mwaka 1938, baada ya malalamiko mengi ya uharibifu, wakuu wa mji waliweka usiku maalumu wa watoto kubisha hodi, nao ukawa tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla ya miji mingine. Zaidi ya hayo, mtoto alitakiwa kutoa kichekesho au kitendawili kabla ya kupewa peremende. Miji yote miwili iliona kwamba rungu la polisi peke yake halitoshi; kijana aliyepewa nafasi ya kucheza mbele ya wazee wake hana haja ya kuharibu nyuma ya migongo yao.

Mgeni katika mji mpya

Desturi hiyo ya Des Moines ilidumu miaka mingi, nayo yaonyesha jinsi mgeni awezavyo kupotea katika jambo dogo. Aliyehamia kutoka mji mwingine angeweza kukutwa na watoto mlangoni tarehe 30 bila hata peremende moja, kisha tarehe 31 akakaa na bakuli lililojaa, asije mtu. Mwanawe naye, aliyezoea kupokea tu, angesimama bubu akiombwa kichekesho. Miongoni mwa wageni wa mji huo katika miaka ya karibuni wamo Wakongo na Warundi waliopewa hifadhi, ambao kwao hata kumwacha mtoto abishe hodi kwa mtu baki ni jambo geni.

Dawa ya hali hiyo ni kumwuliza jirani mapema. Ni siku gani? Watoto hutoka saa ngapi? Katika mitaa mingi taa ya barazani ikiwaka ni ishara kwamba watoto wakaribie. Ikiwa imezimwa, hupita bila kubisha. Anayeuliza hupata jibu, na juu ya jibu hupata jina la jirani.

Wapo wazazi, Wakristo na Waislamu, wasioipenda sikukuu hii kwa sababu ya mizuka na wachawi wake. Hao huzima taa yao, na desturi yenyewe huwaachia nafasi hiyo pasipo ugomvi.

Askari wa Marekani wanalifahamu vizuri jambo hili la kuhama. Katika kambi zao zilizoko Ujerumani na Japani, familia huchonga maboga na watoto huzunguka katika kota kama wafanyavyo wenzao nyumbani. Mtoto wa askari aweza kuwa na Halloween ya mji mmoja, kisha ya mji mwingine, kila moja na majirani wake. Mama anapolichonga boga katika kituo kipya, watoto humkumbusha: pale tulipotoka, mzee fulani alitupa matofaa, kule kwingine mvua ilitulowesha mavazi yote. Kumbukumbu hizo huupunguzia mji mpya ugeni wake, kwa maana watoto wamekwisha kujua kwamba hata kule kwingine, mwanzoni, walibisha hodi kwa mtu wasiyemjua, naye akafungua.