Hiyo Lami ya Kwenda Bofa Ni ya Nani? Soma Kabla Hujamtusi Gavana

Ukitoka Mombasa na mathree wikendi ukienda kujibamba Bofa, daraja la Kilifi unalivuka fasta, video ya bahari ishaingia status. Sasa ebu waulize wazee wa Mnarani. Kabla ya 1991 hapo chini ilikuwa ni feri. Foleni ikishika, unangoja tu, hata kama nyuma ya gari kuna mgonjwa. Wajapani ndio walijenga hilo daraja.

Barabara yote ilikua hivyo, maji baada ya maji. Nyali kulikuwa na daraja linaloelea toka 1931, hili tunalotumia likaja 1980. Mtwapa nako watu walivutwa na feri ya minyororo kabla ya kupata daraja.

Halafu kuna mambo ya herufi. Ramani za kitambo zinaiita B8. B ilikuwa barabara kuu ya ndani ya nchi, A ile inayokupeleka hadi mpakani. Siku hizi ni A7, imepandishwa cheo. Na hapo ndipo wasee wengi hukosea: shimo likitokea kwenye A7, gavana hahusiki. Ni KeNHA, iliyotokana na sheria ya 2007, pamoja na KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani. Kaunti ilipewa barabara zake na Katiba ya 2010, ndio maana wabunge na magavana hawaachi kuvutana kuhusu doh.

Hiyo doh ni yako, by the way. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli ina Sh25 za kutengeneza barabara. Jamaa wa nduthi anayekupeleka bichi analipa kila akijaza tangi.

Lakini pale pachungu ni ardhi. Barabara kubwa hutengewa nafasi pana pembeni, na lami ikianza kupanuliwa, kibanda kilichosimama humo kinaenda. Shamba lenye hati ni stori tofauti: serikali ikilichukua, kifungu cha 40 cha Katiba kinataka ulipwe fidia ya haki, yote, bila kucheleweshwa. Kwa hivyo ukionyeshwa ploti "ya kugusa lami" kwa bei ya mteremko, usitume hata deposit. Beba sorveya kwanza, akupimie mpaka wa barabara unaishia wapi.