Mkristo na Hamu ya Siasa Wakati wa Uchaguzi: Fundisho Kutoka Ujerumani ya Mashariki, 1989–1990

Utangulizi

Kila ufikapo msimu wa uchaguzi, mchungaji husikia maneno mawili yanayopingana kutoka kwa washarika wale wale. La kwanza ni kwamba siasa ni mchezo mchafu, na mtu wa Mungu hana budi kukaa mbali nao. La pili huja kampeni zikishapamba moto: mtu ambaye kwa miaka minne hakuuliza lolote juu ya diwani wake huanza kusikiliza hotuba, kubishana barazani, na kutaka kujua mchungaji atampigia nani kura. Makala haya yanakusudia kueleza hamu hiyo irudiyo ni kitu gani, huletwa na nini, na jinsi Kanisa linavyoweza kuitunza bila kuigeuza mimbari kuwa jukwaa la kampeni. Mfano tutakaoutumia ni wa Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyokuwa na miji ya Luther, Eisleben na Wittenberg.

Msingi wa mafundisho

Mwaka 1523 Luther aliandika juu ya mamlaka ya kidunia, akieleza kwamba Mungu hutawala kwa njia mbili: kwa Injili, na kwa sheria na serikali. Mara nyingi fundisho hili limetumiwa kama ukuta, yaani mchungaji abaki kanisani na mwanasiasa abaki bungeni. Lakini tawala zote mbili ni za Mungu mmoja, na Mkristo huyo huyo anaishi katika zote mbili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, hufundisha kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya serikali bila dhambi, na kwamba utii wake kwa watawala una mpaka pale wanapomwamuru kutenda dhambi. Tena katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anaitaja serikali njema pamoja na chakula, mavazi na nyumba. Basi, kila asaliye Sala ya Bwana amekwisha kuiombea siasa. Linalobaki ni kama yuko tayari kulifanyia kazi ombi lake.

Kura ya kukunja karatasi

Katika Ujerumani ya Mashariki mpiga kura alipewa karatasi yenye orodha moja tu ya majina. Aliyekubali hakuhitaji kalamu. Aliikunja karatasi na kuitumbukiza sandukuni mbele ya wasimamizi. Aliyetaka kukataa ilimpasa aende kwenye kituturi kilichowekwa pembeni, akate majina, naye alijua kwamba anatazamwa. Kwa hiyo watu wengi waliita kitendo hicho kukunja karatasi, wala hawakukiita kuchagua.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 7 Mei 1989 ulifanyika kwa desturi hiyo hiyo. Ilitangazwa kwamba karibu asilimia 99 ya walioandikishwa walijitokeza, na kwamba asilimia 98.85 ya kura zilikubali orodha. Kwa kuzitazama tarakimu hizo, mgeni angedhani hilo ni taifa lenye hamu kubwa ya siasa. Kumbe miguu ilikuwa imefika kituoni, lakini moyo ulikuwa umebaki nyumbani. Mtu asiyeachiwa jambo la kuamua huacha kufikiri juu ya jambo hilo, naye halaumiwi kwa wepesi.

Hamu ilirudije?

Sheria ya nchi hiyo iliruhusu raia kuhudhuria kuhesabiwa kwa kura. Katika uchaguzi huo wa Mei, vikundi vya raia, ambavyo vingi vilikutana chini ya paa la makanisa, viliamua kuitumia ruhusa hiyo. Wanachama wao walikwenda vituoni jioni, wakasimama, wakaandika hesabu zilizosomwa, kisha wakazijumlisha. Katika wilaya ya Weißensee mjini Berlin walifika karibu vituo vyote. Walipolinganisha jumla yao na matokeo yaliyotangazwa, waliona kwamba kura za kukataa walizozisikia kwa masikio yao zilikuwa nyingi kuliko zilizochapishwa. Waliandika malalamiko, na malalamiko yakakataliwa. Baada ya nchi kuungana, mahakama ziliwatia hatiani baadhi ya viongozi kwa udanganyifu wa uchaguzi ule.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Hamu ya siasa haikurudishwa na hotuba nzuri, wala na mgombea mwenye mvuto, kwa maana hakuwapo. Ilirudi pale raia wa kawaida walipochukua dhamana juu ya ukweli wa jambo dogo: hesabu ya kura katika mtaa wao. Hilo ndilo Luther aliloliita wito, yaani kumtumikia jirani mahali pale Mungu alipomweka mtu. Anayehesabu kwa uaminifu huitii Amri ya Nane inayokataza ushuhuda wa uongo.

Mkondo huo ulikutana na mwingine. Katika kanisa la Nikolai mjini Leipzig watu walikuwa wakiombea amani kila Jumatatu tangu mwaka 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya maombi, watu wapatao 70,000 waliandamana bila silaha, wala risasi haikupigwa. Tarehe 18 Machi 1990 ulifanyika uchaguzi huru wa Bunge, na asilimia 93.4 walijitokeza. Tarakimu hii ni ndogo kuliko ile ya Mei 1989, lakini safari hii kila mmoja alikuja na kalamu.

Tahadhari

Wachungaji kadhaa waliingia serikalini mwaka huo, kama Markus Meckel, Waziri wa Mambo ya Nje, na Rainer Eppelmann, Waziri wa Upunguzaji wa Silaha na Ulinzi. Walifanya hivyo kwa jina la vyama vyao, si kwa jina la madhabahu. Tena makanisa yaliyofurika mwaka 1989 hayakubaki yamefurika. Kanisa linalowahudumia raia ili lijaze viti vyake litavunjika moyo upesi.

Hitimisho

Nasi Tanzania tuliishi katika mfumo wa chama kimoja kuanzia 1965 hadi 1992, ambapo katika kura ya Rais palikuwa na jina moja la kukubaliwa au kukataliwa. Mwaka 2010, chini ya vyama vingi, waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa. Wingi wa vyama peke yake, basi, hauamshi moyo.

Yatupasa wachungaji kufanya mambo matatu. Kwanza, tufundishe uraia kama wito katika kipaimara na katika mafundisho ya watu wazima, kabla kampeni hazijaanza. Pili, tuwaombee wagombea wote kwa majina yao au tusimtaje yeyote. Tatu, tuwatie moyo washarika washike kazi ndogo zenye ukweli ndani yake: kuhakiki daftari la wapiga kura, kuhudhuria mkutano wa kijiji, kusoma matokeo yanayobandikwa kituoni. Msharika akituuliza tutampigia nani kura, tumwulize naye ni jambo gani la mtaa wake analolijua vema kiasi cha kulishuhudia.