Niulizeni Kwanza, Nifungueni Baadaye

"Mjomba, gari halina mdomo. Fundi anajuaje linaumwa wapi?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Zuri sana. Watu wazima wengi wamelipa pesa nyingi gereji na hawajawahi kuliuliza. Kaeni hapa kivulini, na aliyeuliza akae mbele.

Gari lina mdomo. Tena lina midomo mingi. Linasema kwa mlio, kwa moshi, kwa harufu, kwa taa, kwa usukani unaotetemeka mkononi. Fundi anayejua kuuliza hujibiwa. Asiyejua kuuliza hubadilisha spea moja, akabadilisha ya pili, akabadilisha ya tatu, na gari bado limelala palepale.

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, gari halipumziki. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001. Wachimbaji wadogo nao wako Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa. Watu wanasafiri, mawe yanasafiri, mchele unasafiri, dizeli ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nayo inasafiri. Barabara nyingine ni lami, nyingine ni mashimo na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mafundi hawakosi kazi.

Haya. Hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo!"

Palikuwa na Probox moja, mchomoko wa kubeba abiria kati ya Katoro na Geita. Asubuhi moja ikafika gereji ikisukumwa na vijana wanne. Dereva akashuka jasho likimtoka.

"Mwangaluka, fundi. Betri imekufa. Nimeshaongea na duka, wananiletea mpya."

Kijana mwanagenzi akaruka na spana yake. Alitaka kuifungua betri palepale. Alikuwa hodari, ila alikuwa na haraka.

Basi ile Probox, ingekuwa na sauti kama yetu, ingesema hivi: "Jamani, niulizeni kwanza. Nifungueni baadaye."

Fundi mkuu alikuwa mzee wa makamo, mpole, mikono myeusi kwa oili. Akamwambia mwanagenzi, "Weka spana chini. Umeiuliza?"

Kisha akamgeukia dereva. "Suka, lilianza lini?"

"Juzi Jumanne."

"Asubuhi likiwa baridi, au hata likiwa moto?"

"Wakati wote, fundi. Ukiwasha linajikongoja tu. Ng'oo, ng'oo, ng'oo, halafu basi."

"Kabla ya Jumanne lilifanyiwa nini?"

Dereva akakuna kichwa. "Jumatatu lilibadilishwa klachi. Gereji nyingine."

Fundi akatikisa kichwa taratibu. Hakusema kitu. Jibu hilo alilihifadhi, maana ugonjwa unaoanza siku moja baada ya matengenezo mara nyingi umezaliwa kwenye matengenezo hayohayo. Lakini kuhisi si kujua. Akaendelea kuuliza.

Pale gereji alikuwepo binti wa darasa la tano, mjukuu wa fundi. Alikuwa ameleta chai na michembe. Akasimama kutazama.

"Washa taa kubwa," fundi akasema. "Sasa piga stata."

Ng'oo, ng'oo, ng'oo.

"Mjukuu wangu, taa zimefanyaje?"

"Hazijafanya kitu, Babu. Zinawaka vilevile, kali."

"Umeona vizuri sana. Betri ikichoka, ukipiga stata taa hufifia, wakati mwingine huzimika kabisa. Stata inakula umeme mwingi kuliko kitu chochote humo ndani, na betri dhaifu haiwezi kuilisha stata huku ikizilisha na taa."

Mnaona, wanangu? Hata nati moja haijafunguliwa, na tayari gari limejibu. Betri imeanza kuonekana haina hatia.

Fundi akachukua mita, ile ndogo yenye ncha mbili, nyekundu na nyeusi. Akagusa vichwa vya betri. Mita ikasoma volti 12.6. Hiyo ndiyo namba ya betri ya gari iliyojaa vizuri wakati imetulia. Akamwambia dereva apige stata tena huku ncha zikiwa palepale. Mita ikashuka mpaka 11.4. Betri iliyochoka ingeanguka chini ya 9.6. Hii haikuanguka.

"Betri nzima," akasema. "Mwambieni mwenye duka asubiri."

Mwanagenzi hakukubali haraka, na mimi nampenda mwanafunzi wa namna hiyo. Akauliza, "Kama betri ni nzima, basi stata ndiyo mbovu. Niishushe?"

"Niulizeni kwanza," ingesema Probox. "Nifungueni baadaye."

Hapa nawaomba msikilize vizuri, maana ndipo penye utamu. Umeme unaokwenda kwenye stata ni msafiri. Unatoka kwenye betri, unapita waya mnene mwekundu, unaingia ndani ya stata na kuizungusha, unatokea kwenye chuma cha injini, kisha unarudi kwenye betri kwa waya wa negetivu. Lazima uende, na lazima urudi. Ukikwama popote, stata inazunguka kivivu na injini haiwaki.

"Sasa Mjomba, fundi atajuaje umekwama wapi?"

Nakujibu. Tuseme gunia la mchele limeondoka Shinyanga kwenda Geita. Linapita Tinde, Isaka, Kahama, Kakola, ndipo lifike. Halikufika. Utalitafutaje? Mtu mwenye papara ataanza kutembea toka Shinyanga, akichungulia kila duka na kila uchochoro. Mwenye akili atapiga simu Kahama, katikati ya safari: "Gunia limepita hapo?" Wakisema limepita, basi Shinyanga, Tinde na Isaka zote zimetoka kwenye kesi. Kwa simu moja! Kisha anapiga Kakola. Hapo limepita? Halijapita? Simu mbili tu, na ameshajua kipande cha barabara chenye mchele wake.

Fundi wetu alifanya hivyohivyo kwa mita. Aliweka ncha moja pale waya mwekundu unapoingia kwenye stata, na nyingine kwenye chuma cha injini. Dereva akapiga stata. Mita ikasoma 8.1.

"Mjukuu wangu, betri imetoa ngapi?"

"Kumi na moja nukta nne."

"Stata imepokea ngapi?"

"Nane nukta moja." Binti akahesabu kwa midomo. "Babu, zimepotea tatu nukta tatu!"

Fundi akacheka kwa furaha. Volti 3.3 zimepotelea njiani, na zimepotea ama wakati wa kwenda, ama wakati wa kurudi. Njia ina nusu mbili tu. Tuulize nusu ya kwanza.

Ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine mwisho wa waya mwekundu. Piga stata. Mita ikasoma 0.2. Ni kidogo mno. Waya wa kwenda hauna kosa.

Ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Piga stata.

Mita ikasoma 3.1.

Mwanagenzi akatoa macho. Kwenye njia nzima ya kurudi, hata nusu volti ilikuwa nyingi. Hapa zimekwama tatu na zaidi. Na mkijumlisha 0.2 na 3.1 mnapata ngapi? Hesabu za darasani hizo, ndizo zimemkamata mwizi.

Sasa ndipo spana ikaruhusiwa. Fundi aliinama, akaufuata waya wa negetivu kwa kidole, kutoka kwenye betri mpaka unapofungwa kwenye nyumba ya giaboksi. Akaugusa. Ukacheza. Bolti ilikuwa imekazwa kwa vidole tu, na chini ya kichwa cha waya kulikuwa na vumbi jekundu lililoshikana na oili, limekauka kama ganda. Anayebadilisha klachi lazima ashushe giaboksi. Anayeshusha giaboksi lazima aufungue waya huo. Jumatatu ulifunguliwa, ukarudishwa bila kusafishwa wala kukazwa.

"Lakini Mjomba, taa mbona zilikuwa zinawaka vizuri?"

Ahsante kwa kutosahau! Taa zina njia yao ya kurudi. Kwenye betri kuna waya mwingine wa negetivu, mwembamba, unaokwenda kwenye bodi. Taa zinautumia huo. Mnene wa injini ndio ulikuwa mgonjwa. Ndiyo maana swali la taa lilikuwa swali zuri: lilizitenganisha njia mbili bila kufungua kitu.

Fundi alipiga msasa mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili. Akafunga, akakaza kwa spana, akapaka grisi kidogo juu ili maji yasiingie. Mwanagenzi akakimbilia kuwasha gari.

"Ngoja. Pima kwanza."

Walipima palepale walipopata 3.1. Mita ikasoma 0.1, na injini ikawaka wakati huohuo. Fundi hakuridhika na kuwaka mara moja. Alilizima, akaliwasha. Akaliacha lichemke mpaka feni ikazunguka, akalizima, akaliwasha tena. Mimi namheshimu sana fundi anayepima baada ya kutengeneza. Gari likiwaka bila kupimwa, hujui kama umelitibu au limekuhurumia tu.

Betri mpya ingefanya nini? Ingefungwa kwenye waya uleule uliolegea, na kesho vijana wanne wangesukuma tena. Stata mpya ingefanya nini? Vilevile. Dereva angelipa mara mbili, na hesabu ya tajiri ya siku hiyo angeikosa.

"Mjomba, si siku hizi kuna mashine inayosoma ugonjwa?"

Ipo. Marekani iliamuru kwamba kuanzia mwaka 1996 kila gari jipya dogo linalouzwa huko liwe na soketi ya aina moja, yenye matundu 16, na lugha moja ya namba za makosa. Nchi nyingine zikafuata. Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, kompyuta ya gari inamtajia namba. Tuseme imesoma P0303. Maana yake silinda ya tatu haichomi sawasawa, gari linamisi. Lakini kwa nini haichomi? Hapo mashine imenyamaza. Inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa koili, nozeli, waya, hata valvu.

Kwa hiyo fundi anauliza tena. Anaihamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza, na ya kwanza kuja ya tatu. Anafuta kosa, anaendesha, anasoma upya. Namba ikibadilika kuwa P0301, kosa limeifuata koili. Koili ndiyo yenyewe. Ikibaki P0303, koili inaachiwa huru na plagi inahamishwa. Hakuna hata shilingi iliyotoka mfukoni mpaka hapo. Nikisikia fundi amesoma namba kwenye mashine na papo hapo anataka pesa ya spea, roho inaniuma. Namba ni mwanzo wa maswali.

Kwenye migodi mikubwa huuliza hata kabla gari halijaumwa. Huchota oili kidogo kwenye injini ya lori na kuipeleka maabara. Wakikuta chembe za chuma au shaba zimeongezeka, wanajua ndani kuna kitu kinasagika, na lori linaitwa kabla halijakwama shimoni na mzigo.

Turudi gereji. Probox ilipotoka, likaingia lori la Fuso. Lilitoka kubeba mawe ya karasha, jekundu lote kwa vumbi, hata rangi yake huijui. Dereva akasema halina nguvu, linatoa moshi mweusi, pampu itakuwa imekufa.

Fundi hakujibu. Alimtazama mjukuu wake.

Binti akaweka birika chini. "Shikamoo, baba. Lilianza lini?"

"Marahaba, mama. Wiki mbili sasa, kidogokidogo, linazidi."

"Limefanyiwa matengenezo yoyote?"

"Hapana."

"Linatoa moshi hata likiwa limesimama?"

"Likipanda mlima na mzigo ndiyo zaidi."

Binti akafikiri. Moshi wa bluu ungekuwa oili inaungua. Moshi mweupe mzito, dizeli isiyoungua au maji ya rejeta. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Ama dizeli imezidi, ama hewa imepungua. Nusu mbili.

"Babu," akasema, "tuiulize hewa kwanza. Ni rahisi kufungua kuliko pampu."

Mwanagenzi akafungua hewa klina. Filta ilikuwa imeziba kabisa. Alipoigonga chini, vumbi likajaa kiganja. Wakafunga nyingine safi, wakamwambia dereva apande kilima kilekile na mzigo uleule kisha arudi kusema ameona moshi wa rangi gani.