Mtoto asiyeweza jua



Mtoto anacheza juani mchana mzima, jioni tunamwogesha, anakula, analala. Hatuoni kazi inayofanyika ndani ya ngozi yake usiku ule.

Miale ya jua huharibu ADN, yaani maagizo ya mwili tuliyorithi kwa baba na mama. ADN ni nyuzi mbili nyembamba sana zilizosokotwa pamoja. Jua likizipiga, herufi mbili jirani hushikamana vibaya, na pahali pale hapasomeki tena sawasawa.

Lakini mwili una mafundi wake, ndio enzimu. Wanafanya kama fundi wa nguo aliyeletewa kitenge kilichounguzwa na pasi. Wa kwanza wanatafuta palipoharibika. Wengine wanakata kipande kibaya, herufi kama 30 hivi, katika uzi mmoja tu. Mwingine anajaza pengo akifuata uzi wa pili, ambao ungali mzima. Hata hivyo kiraka kisiposhonwa, nguo bado imepasuka! Ndipo anakuja ligazi, enzimu iliyogunduliwa mwaka 1967. Kwa nguvu itokayo katika chakula tulichokula, anaunga ncha mbili zilizobaki wazi, na uzi unakuwa mmoja tena.

Sasa, wako watoto wachache wanaozaliwa na kasoro kwa mmoja wa wale mafundi wa kwanza. Pasipo kukata, ligazi hana cha kuunga. Ugonjwa wao unaitwa zeroderma pigmentosumu, nao si ualbino. Madoadoa yanajaa usoni mapema, macho yanaumizwa na mwangaza, na kansa ya ngozi inaweza kuja wakingali wadogo. Mwaka 1968 James Cleaver, huko Marekani, alionyesha kwamba chembe za wagonjwa hao zinashindwa kutengeneza ADN iliyoharibiwa na miale.

Basi tuseme wazi: mtoto huyu hakulogwa, wala mama yake hakukosa kitu. Baba na mama, wazima wote wawili, kila mmoja alibeba kasoro moja bila kujua, na mtoto akapata zote mbili.

Dawa ya kumponya haijapatikana. Ila kumkinga kunawezekana: mikono mirefu, kofia pana, miwani ya jua, pazia dirishani. Kidonda au uvimbe mpya kwenye ngozi, apelekwe kwa munganga bila kungoja. Na jua likiisha kuzama, mwacheni atoke acheze na wenzake.