Maradhi Yakirudi, Fashifashi Zitarushwa Wapi?

Ndugu zetu wa Mji wa Kale, Mombasa, hawana haja ya kukumbushwa Idd ya Mei 2020. Tarehe 6 ya mwezi huo Serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka mtaani mwao kwa sababu ya maradhi ya Korona, na tangazo hilo hilo likaufunga mtaa wa Eastleigh hapa Nairobi. Basi Waislamu wa mitaa miwili iliyoachana kwa maili 300 waliimaliza Ramadhani kwa hali moja: misikiti imefungwa, sala ya Idd yasaliwa nyumbani, na ikifika saa 1 ya usiku kila mtu yu ndani.

Mengi yamesemwa juu ya biashara na masomo yaliyoharibika siku zile. Lakini furaha nayo ilikuwa na watu wake waliokula kwa jasho lao, na leo nataka kuwazungumza wamoja wao: mafundi wa fashifashi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi fataki za watoto zinazolia uchochoroni, ambazo askari huzifukuza kila mwaka. Nasema fashifashi zile kubwa zinazopasuka juu kwa rangi, ambazo kwa sheria ya Kenya, Sura ya 115, huhesabiwa katika hesabu ya baruti na hazirushwi ila kwa kibali. Kazi hii ina elimu yake. Kombora hutiwa ndani ya bomba, baruti ya chini hulisukuma juu, na utambi wa ndani hulipasua likiwa limefika. Madini ya strontiamu hutoa rangi nyekundu, bariamu hutoa kijani, na shaba hutoa buluu.

Usiku wa mwaka mpya, zinaporushwa katikati ya jiji kwenye jumba la KICC, watu wa Pumwani, Kaloleni na Makongeni hutoka nje wakazitazama bila ya kulipa hata senti. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fashifashi huonekana na walio mbali, lakini hulipiwa na walio karibu: mwenye kukata tikiti, mwenye hoteli anayetaka meza zake zijae, mwenye bidhaa anayetaka jina lake litajwe mbele ya halaiki. Ukiwaondoa walio karibu, wa mbali nao hawaoni kitu.

Korona iliwaondoa. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 ilibadilishwa saa zake mara kwa mara, na usiku wa kuamkia 2021 ilianza saa 4. Saa 6, ambayo ndiyo saa ya fashifashi, raia wote walitakiwa wawe majumbani. Kafyu haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Na mali yenyewe hutoka mbali. Mji unaojulikana zaidi duniani kwa kazi hii ni Liuyang, katika jimbo la Hunan nchini Uchina, jirani wa jimbo la Hubei lenye mji wa Wuhan ambako maradhi yalianzia kuonekana. Hata baada ya viwanda kufunguliwa, nauli za meli zilipanda sana mwaka 2021.

Je, hapakuwa na njia? Wenzetu walijaribu. Sydney walirusha usiku ule wa mwaka mpya kwa dakika 7 tu, watu wakaambiwa watazame kwenye televisheni. London nao walifanya vivyo hivyo. Lakini lililonivutia zaidi ni la New York, Julai 2020. Badala ya onyesho moja kubwa la kukusanya watu, waliyagawa katika maonyesho madogo ya dakika 5 hivi, sehemu mbalimbali za jiji, wala hawakutangaza mahali mapema ili watu wasikimbilie.

Mtu wa Eastlands akisikia haya atauliza: kwa nini isiwe kwetu? Viwanja tunavyo: Kamukunji, Camp Toyoyo kule Jericho, na vinginevyo. Lakini tupime kabla ya kusema. Kanuni ya Marekani hutaka karibu mita 21 za uwazi kwa kila inchi ya upana wa kombora. Katika kiwanja cha mpira, kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita 34 hivi. Basi kombora la inchi 3, linalohitaji mita 64, halifai pale penye nyumba zilizobanana. La inchi moja na nusu ndilo linalofaa. Litapanda chini zaidi, lakini wa mtaa ule ataliona akiwa kibarazani kwake.

Jambo moja la New York, hata hivyo, halitufai. Huwezi kuripua kitu Eastleigh bila ya kutoa habari. Watu wa pale walisikia miripuko isiyo ya furaha baina ya mwaka 2012 na 2014, na wako waliozika. Kwetu saa itangazwe redioni na misikitini, iwe baada ya sala ya Isha na kabla ya watoto kulala. Viwanja viwe vingi, hata pasiwe na sababu ya mtu kutoka mtaa wake. Kutangaza ndiyo heshima, na wingi wa mahali ndio utakaozuia msongamano.

Yako mapingamizi, nayo yana haki. Moshi wa baruti humdhuru mgonjwa wa kifua, na kwa sababu hiyo Delhi ilipiga marufuku fataki za Diwali Novemba 2020. Liko pia neno la israfu. Mwenye njaa hashibi kwa rangi za angani, na mwaka ule chakula na dawa vilistahili kutangulia. Anayesema hivyo simkatalii. Namwomba tu akumbuke kwamba fundi aliyekosa kurusha naye alikuwa na watoto wa kulisha.

Kwa hiyo maradhi mengine yakija, Mungu atuepushe, fashifashi za tikiti na meza za hoteli zitakufa tena siku ile ile ya kwanza. Zitakazosalia ni ndogo, fupi, za mtaani, kama patapatikana wa kuzilipia: jiji, au wafanyabiashara wakichangishana. Hesabu hiyo ipigwe sasa, wakati milango iko wazi. Mwaka ule wa 2020 mzee wa Pumwani alikaa ndani usiku wa Idd, na mzee wa Mji wa Kale vivyo hivyo. Wote wawili walikuwa na dirisha. Kilichokosekana ni cha kutazama.