Jiwe Ndani ya Bomba

Anayeingia katika mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, huona nguzo za mawe zilizoning'inia darini na nyingine zilizoinuka kutoka sakafuni. Nguzo hizo zimejengwa na maji, tone baada ya tone, kwa maelfu ya miaka. Kazi hiyo hiyo hufanyika katika bomba la mvua la bafuni, ila huko haihitaji muda mrefu hivyo. Vitundu huziba kimoja kimoja, maji huchirizika upande, na mwishowe chombo hutupwa, ingawa mara nyingi hakina ubovu wowote ila jiwe lililojijenga ndani yake.

Asili ya jiwe hilo ni mvua. Maji yanapopenya katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza, huchukua kabonidayoksaidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo ikikutana na mawe ya chokaa huyayeyusha polepole. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo karibu yote ni kalisi kaboneti, yaani jiwe lile lile ambalo waashi wa mwambao wamelichoma kwa karne nyingi kupata chokaa ya kujengea. Si ajabu basi kwamba maji ya visima vingi vya huko ni magumu: sabuni haitoi povu upesi, bali hufanya utando mweupe unaoganda kwenye ndoo na kwenye nguo.

Kwa desturi, maji yenye zaidi ya miligramu 180 za kalisi kaboneti katika lita moja huitwa magumu sana. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani halikuweka ukomo wa ugumu wa maji kwa sababu za afya. Hasara yake ni ya mfuko na ya vyombo.

Maji hayo yakipashwa moto, au yakikauka juu ya chuma, kabonidayoksaidi hutoroka na kalisi kaboneti hujitenga tena ikawa jiwe. Ndiyo ukoga mweupe wa ndani ya birika. Ugumu unaoondoka hivi kwa kuchemshwa huitwa ugumu wa muda. Ugumu wa kudumu, utokanao na salfeti na kloraidi za kalisi na magnesi, hauondoki kwa moto. Huo hutolewa kwa magadi, ambayo sodiamu kaboneti yake huilazimisha kalisi ijitenge.

Dawa ya gamba la bafuni iko jikoni. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5. Bomba la mvua lifunguliwe, lilazwe katika bakuli la siki kwa saa mbili tatu, kisha lisuguliwe kwa mswaki mkuukuu na vitundu vizibuliwe kwa pini. Viputo vinavyopanda ni kabonidayoksaidi ile ile iliyotoka ardhini, sasa inarudi hewani. Lisilofunguka lifungiwe mfuko wa plastiki wenye siki, ukazwe kwa uzi. Asiye na siki atumie maji ya ndimu. Kuliacha bomba ndani ya asidi siku nzima hakufai, kwani palipochubuka rangi ya kromi, asidi hupata njia ya kula shaba iliyo chini yake.

Wengine hukosa subira wakanunua asidi kali ya kusafishia vigae. Hiyo ni asidi ya haidrokloriki. Huondoa gamba kwa dakika chache, lakini hula pia saruji iliyo kati ya vigae na zinki ya mabomba ya chuma. Lililo baya zaidi ni kuichanganya na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kudhani kwamba dawa mbili zitasafisha kuliko moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, gesi iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Bafu dogo lenye dirisha lililofungwa ni mahali pabaya mno pa kuitengeneza. Hata siki haifai kukutana na dawa hiyo.

Maji magumu huharibu koki pia. Chembe za gamba hukaa kati ya mpira na kikalio chake cha shaba, na koki huanza kudondoka. Mwenye nyumba huikaza kwa nguvu. Chembe huukata mpira na kukwaruza shaba, na kesho yake hudondoka zaidi. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 yakihesabiwa kuwa mililita moja, hiyo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, au ndoo 78 za lita 20 kwa mwaka, kutoka koki moja tu.

Ukarabati wake hauhitaji fundi. Koki kuu ifungwe kwanza, kisha ile mbovu ifunguliwe ili maji yaliyobaki yatoke. Kichwa chake kifunguliwe kwa spana, kikifungiwa kitambaa kisichubuke. Mpira wa zamani utolewe, kikalio kipanguswe kwa kitambaa chenye siki na kusuuzwa, na mpira mpya wa kipimo kile kile utiwe. Kipande kilichokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi chaweza kusaidia kwa siku chache, lakini kwa kawaida ni chembamba mno. Kikalio kilichokwaruzwa sana hakiponi kwa mpira mpya. Hapo koki haina budi kubadilishwa.

Wanafunzi waweza kuupima ugumu darasani kwa maji ya sabuni na kidondoshi. Wachukue kiasi sawa cha maji ya mvua, ya kisima, na ya kisima yaliyochemshwa, wahesabu matone ya sabuni hadi povu lidumu baada ya kutikisa. Tofauti kati ya hesabu ya pili na ya tatu ndiyo kipimo cha ugumu wa muda. Maji yaliyochemshwa yapoe na kuchujwa kwanza, ili chembe zilizojitenga zisivuruge hesabu.